Geji imefika, kebo haijarefuka: kutafuta msuguano na kutu kwenye kebo za madaraja ya zege

Kila aliyewahi kusimama pembeni ya jeki ya kukazia kebo, zile kamba za chuma zinazopitishwa kwenye daraja na kuvutwa ili zilibane zege, anaijua hii hali. Presha kwenye geji imefika pale karatasi inaposema, mnapima kurefuka kwa kebo, hesabu inasema 395 mm nyie mnasoma 376 mm, mnaangaliana, jua linawaka, pampu inanguruma, na mtu mmoja lazima atasema si milimita 19 tu, ongeza presha kidogo tumalize tupige grauti (uji wa saruji unaojazwa kuzunguka kebo). Naomba sana msifanye hivyo. Hizo milimita 19 mara nyingi zinakuambia kitu ambacho grauti ikishaingia hautakiona tena mpaka daraja lenyewe liseme.

Ngoja tuzitafsiri kwanza. Chukua kebo ya 60 m, jumla ya mikunjo yake toka anka (kishikio cha mwisho wa kebo) mpaka anka ni radiani 0.6 (kama digrii 34 hivi), strendi (nyaya zilizosokotwa pamoja zinazounda kebo) zenye uwezo wa 1860 MPa zinakazwa hadi 1395 MPa, E ya chuma (ukinzani wake wa kurefuka) 195 GPa. Kwa msuguano wa 0.19 ambao viwango vya Ulaya vinautaja kwa strendi za ndani ya zege, na kuyumba kwa dakti (bomba ambalo kebo inapita ndani yake) kwa 0.005 kila mita, nguvu inayofika upande wa pili ni kama asilimia 84 ya ile ya kwenye jeki na kurefuka kunatoka karibu 395 mm. Sasa pandisha msuguano uwe 0.30. Kurefuka kunashuka hadi 376, pungufu ya asilimia 5 hivi, na wengi wanapitisha kwasababu speki nyingi zinaruhusu asilimia 5 mpaka 7. Lakini nguvu ya upande wa pili imetoka 84 ikawa 76, hiyo ni karibu asilimia 10 imepotea. Tepu inakupa wastani wa kebo nzima wakati aliyeumia ni yule wa mbali, kwahiyo ukisoma pungufu kwenye tepu jua mwisho wa kebo pengo linaweza kuwa mara mbili.

Na kwanini 0.19 igeuke 0.30? Hapo ndipo kutu inapoingia. Chuo tulifundishwa msuguano kama hesabu na kutu kama habari ya matengenezo miaka 30 baadae, ila saitini ni kitu kimoja, strendi iliyoshika kutu inakwaruza, dakti iliyoingia maji inakwaruza, na geji siku ya kukaza ndio nafasi yako ya mwisho ya kuisikia hiyo kutu.

Dalili ya kwanza: kurefuka ni pungufu

Kabla hujagusa kebo uliza swali moja, ni kebo ngapi zimekuwa hivi? Kama zote ni pungufu kwa asilimia ileile, zilizonyooka na zilizopinda, za mita 20 na za mita 80, usihangaike na msuguano. Hapo angalia cheti cha jeki na geji, maana vinapimwa pamoja kama seti, ukibadilisha geji baada ya ile ya kwanza kuanguka basi chati yako haina maana tena. Angalia pia cheti cha koili la strendi, kwasababu eneo na E halisi vinatofautiana na vya kwenye hesabu, na strendi ya 140 mm² sio ya 150 mm² hata kama kwa macho zinafanana. Mtu anaeka namba za moja kwenye hesabu ya nyingine alafu timu nzima inashinda siku mbili inatafuta mchawi.

Kama pungufu zipo kwenye zilizopinda tu, shuku msuguano wa kwenye kona. Kama inaongezeka na urefu hata kwenye zilizonyooka, shuku kuyumba kwa dakti, yaani sapoti zilikuwa mbali mbali na zege lilipomwagwa dakti ikafanya mawimbi. Dakti ya chuma inataka kushikwa kila mita moja hivi, ya plastiki karibu zaidi, nusu mita, hasa kwa joto letu ambapo mchana plastiki inalainika na kulegea katikati ya sapoti. Hiyo ukishamwaga zege haina tiba, unaweza tu kuihesabu upya na kuona kama daraja linavumilia.

Na kama ni kebo moja tu imegoma, tatizo lipo ndani ya dakti hiyohiyo. Mara nyingi ni uji wa zege ulioingia kwenye joini iliyofungwa kwa tepu kivivu, au vaibreta iligonga dakti ikabonyea, au strendi zimesokotana kwasababu zilisukumwa moja moja bila kofia ya mbele.

Kitu kingine kinachosahaulika ni ule ulegevu wa mwanzo. Usianze kupima kutoka sifuri. Vuta hadi asilimia 20 ya nguvu, weka alama, alafu soma kila hatua, 40, 60, 80, 100, na uchore kwenye karatasi hapohapo saitini. Mstari ukiwa umenyooka ila umelala kuliko wa hesabu, ni msuguano au namba za chuma. Ukiwa na ngazi, yaani unapanda presha bila kurefuka alafu ghafla kebo inaruka na geji inadondoka kidogo, kuna kitu kimeishika njiani na kimeachia. Huo mchoro wa dakika 5 umenisaidia kuliko programu yoyote.

Ukitaka uhakika kabisa weka jeki au loadiseli (kipima nguvu) pande zote mbili, vuta upande mmoja tu, soma wa pili. Kwenye kebo yetu ya mfano ukivuta 2,500 kN na upande wa pili ukasoma 1,950 kN, uwiano ni 0.78, logi yake ya asili ni kama 0.25, gawa kwa 0.9 (mikunjo 0.6 jumlisha kuyumba 0.3) unapata 0.28. Hapo hamna ubishi tena, hiyo ndio namba ya daraja lako.

Sasa kilichotukuta sisi. Daraja la pwani, silitaji, strendi zilifika mapema zikahifadhiwa chini juu ya mbao zimefunikwa turubai, upepo wa bahari unapita chini yake kila jioni. Zikaingizwa kwenye dakti ili ratiba ionekane inaenda, alafu jeki ikachelewa, ikaja sikukuu, zikakaa humo wiki 6. Siku ya kukaza kebo ya kwanza ikatoka pungufu asilimia 6, ya pili 8. Ofisini wakasema ipo karibu na tolaransi, muongeze presha. Mzee mmoja fundi wa kukaza, mtu wa maneno machache, akakataa, akasema tuitoe strendi moja. Tulipoivuta ikatoka na unga wa kahawia, na tulipoipangusa kwa brashi ya plastiki ile kahawia ilitoka lakini chini yake kukabaki vishimo unavyovisikia kwa kucha. Zilitolewa zote. Kila nikimkumbuka yule mzee namshukuru, kwasababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshashika kalamu ya kusaini.

Ndio maana kuna ule muda. Mwongozo wa Marekani unasema toka strendi iingie kwenye dakti mpaka grauti, siku 7 kama hewa ina unyevu wa zaidi ya asilimia 70 au upo juu ya maji ya chumvi, 15 kwa unyevu wa kati, 20 kwa sehemu kavu sana. Sasa Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, unyevu wa chini ya 70 unaupata lini? Kwa hiyo kwetu pwani namba ni 7, na kama jeki haijafika saiti basi strendi zisiingie. Wenzetu wa Ulaya kutu yao inaletwa na chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, sisi chumvi inakuja na upepo bure.

Kuhusu kutu yenyewe, sio kila wekundu ni wa kukataa. Ile ya juu inayofutika ikabaki chuma laini haina shida, hata inashikana na grauti vizuri. Yenye vishimo irudi ilikotoka, hata kama ni koili zima. Strendi hizi zinaishi na mkazo wa asilimia 60 na zaidi ya uwezo wake kila siku ya maisha yake, kishimo kidogo kwenye waya wa milimita 5 ni mwanzo wa ufa.

Dresden wameliona hili. Daraja la Carola lilikamilika 1971 na usiku wa tarehe 11 Septemba 2024 sehemu yake moja ikaanguka mtoni. Uchunguzi ulikuta nyaya zenye nyufa za kutu ya mkazo, yaani chuma kilichovutwa kinapasuka taratibu kwasababu ya kutu, na chanzo kikarudishwa mpaka kwenye unyevu wa kipindi cha ujenzi, kwa chuma cha aina ambayo ni dhaifu kwa ugonjwa huo. Zaidi ya miaka 50 nyufa zilizozaliwa kabla ya grauti ziliendelea kukua taratibu chini ya magari na tramu.

Ni msuguano kweli, sasa nifanye nini?

Achia kebo na uivute tena, mara moja au mbili, mara nyingi inajilainisha kidogo. Ukifanya hivyo badilisha weji (vile vikabari vyenye meno vinavyoibana strendi kwenye anka), na hakikisha alama za meno ya weji za mara ya kwanza zinabaki nje ya anka upande wa jeki, zisiingie ndani kwenye sehemu inayobeba. Vuta kutoka pande zote mbili kama anka zinaruhusu, kebo ndefu zenye mawimbi zingepaswa kupangwa hivyo toka mwanzo. Kuongeza presha kunaruhusiwa kidogo tu, usivuke asilimia 80 ya nguvu ya kukatika, na kumbuka unapoongeza presha upande wa jeki unawatesa strendi wa karibu ili kumfikia wa mbali.

Alafu kuna mafuta. Yapo mafuta yanayochanganyika na maji, yanapunguza msuguano na yanazuia kutu kwa muda, kwahiyo yanaonekana ni jibu la kila kitu. Shida ni kwamba kabla ya grauti inabidi uyaoshe, na unayaosha kwa maji, na maji yanabaki kwenye mabonde ya dakti na katikati ya nyaya, na mafuta yenyewe hayatoki yote, yanazuia grauti kushikana na strendi. Yaani umetatua msuguano wa leo kwa kuingiza kile unachokikimbia. Mimi nayatumia pale tu mbunifu amekubali kwa maandishi na kompresa ya hewa kavu ipo saiti inafanya kazi, sio ipo njiani inakuja.

Bora upange mapema dakti ya plastiki ngumu. Kwa kebo za nje ya zege vile viwango vya Ulaya vinaipa plastiki isiyopakwa mafuta msuguano wa 0.12 wakati bomba la chuma ni 0.24, na plastiki haili kutu. Ila kwenye kona kali strendi inaweza kuila plastiki, angalia unene wa ukuta na usiruhusu mbunifu akupe nusu kipenyo cha kona kidogo kuliko mtengenezaji anavyosema.

Kurefuka kumezidi

Hii watu wanaifurahia na haifai kufurahiwa. Inaweza kuwa msuguano ni mdogo kuliko hesabu, sawa, lakini inaweza pia kuwa weji za upande uliofungwa zimeteleza, au strendi moja imekatika na zilizobaki zinabeba mzigo wake, au geji inasoma chini ya ukweli na mmeshavuta kupita kiasi. Hesabu mikia ya strendi upande wa pili, iliyoingia ndani kuliko wenzake ndio mgonjwa. Mtu yeyote asisimame nyuma ya anka wakati mnahesabu, piga picha kwa simu kutoka pembeni.

Weji zimerudi sana

Kawaida ukiachia jeki weji zinaingia kama 6 mm. Kwenye kebo yetu ya 60 m huo urejeo unaishia kama mita 17 kutoka anka kwasababu msuguano unauzuia, hapo msuguano ni rafiki. Lakini kwenye kebo fupi ya mita 10 iliyonyooka hamna wa kuuzuia, 6 mm inakula karibu 117 MPa kwenye kebo nzima, na ikiwa 12 unapoteza mara mbili. Ukiona urejeo mkubwa fungua uangalie, weji zina kutu, zina saruji, au zilichanganywa za aina mbili. Safisha tundu la anka, weka mpya.

Grauti: pale ambapo madaraja yanafia

Hapa nataka nikae kidogo. Baada ya kukaza vizuri, kinga yote ya kebo ya ndani ni dakti, grauti na vifuniko vya anka. Saruji ina alkali, inaiweka strendi kwenye hali ya kutopata kutu. Ikikosekana grauti sehemu, au ikawepo laini kama chokaa iliyolowa, sehemu hiyo haina kinga yoyote.

Dalili: grauti iliyoingia ni kidogo kuliko ujazo wa dakti ulioupiga hesabu. Maana yake kuna hewa, au kuna mahali imeziba. Dalili: tundu la hewa la kileleni, pale dakti inapopanda juu kabisa, linatoa maji masafi au uji mwepesi. Usilifunge, acha litoke mpaka uone uji uleule uliopo kwenye mikisa. Dalili: kesho yake unafungua kifuniko cha kileleni unakuta uwazi, au maji. Hayo ni maji yaliyojitenga na saruji.

Kinachowashangaza vijana ni kwamba grauti iliyopita vizuri kwenye chupa ya maabara inatoa maji mengi ndani ya dakti. Sababu ni strendi yenyewe. Nyaya 6 zimezunguka moja ya katikati, kati yake kuna njia nyembamba ambayo chembe za saruji hazipiti ila maji yanapita, na presha inayasukuma yapande kama mafuta kwenye utambi wa kibatari mpaka kileleni. Kwahiyo jaribio lifanyike na strendi ndani ya bomba, na kikomo cha viwango vya Ulaya ni asilimia 0.3 baada ya saa 3. Maji kwa saruji yasizidi 0.44, na fundi asiongeze ndoo kwasababu pampu imekuwa nzito. Pampu ikiwa nzito piga grauti alfajiri, maji ya baridi, mifuko ikae kivulini. Mifuko iliyoganda au iliyopita tarehe itupwe, hiyo ndio inayozaa grauti laini isiyokauka.

Florida walilipa ada ya somo hili. Daraja la Niles Channel lilikutwa na kebo imekatika 1999, lililofuata ni Mid-Bay mwaka 2000, hilo lilikuwa na miaka 7 tu, ukaguzi ukakuta kebo imelegea na mwisho wa siku kebo 11 zikabadilishwa. Chanzo kikawa hichohicho, uwazi kwenye grauti karibu na anka, maji yaliyojitenga, hewa ya bahari. Na Uingereza, baada ya daraja dogo la Ynys-y-Gwas kule Wales kuanguka Desemba 1985, 1992 serikali ilisimamisha kabisa madaraja mapya ya kebo zilizopigwa grauti hadi 1996 viwango viliporekebishwa. Lile daraja lilijengwa 1953, chumvi ilipenya kwenye joini za vipande vya zege ikala nyaya, na lilianguka bila onyo.

Daraja limeshafunguliwa, dalili zikoje?

Chache, na hilo ndilo linaloniumiza. Chuma cha kawaida kikila kutu kinavimba kinapasua zege unaona. Kebo ndani ya dakti inakatika waya mmoja mmoja kimya. Tafuta ufa unaofuata njia ya kebo, doa la kahawia au unyevu kwenye vifuniko vya anka, maji yanayotoka kwenye joini za vipande, lami iliyopasuka juu ya anka ambayo inaruhusu maji kushuka. Kwa kebo za nje ya zege zilizopo ndani ya boksi (uwazi wa tumboni mwa daraja), ingia na tochi na nyundo ndogo, gonga plastiki, inayolia tupu haina grauti. Itikise kwa mkono ulinganishe na za jirani, iliyolegea utaijua, na ukiipata iliyolegea usisubiri ripoti, piga simu magari mazito yaondolewe kwanza.

Kwa za ndani ya zege vipimo vya umeme vya kutu havioni ndani ya dakti ya chuma, na rada pia haipenyi chuma, usimruhusu mtu akuuzie picha nzuri za rangi kwa dakti za mabati. Inabidi utoboe. Chagua vilele na nyuma ya anka, tumia drili yenye kikomo cha kina inayozima yenyewe ikigusa chuma, malizia kwa mkono, ingiza kamera ndogo. Ukikuta grauti chukua sampuli ukapime kloridi na unyevu.

Na ukikuta uwazi usikimbilie kuujaza grauti mpya siku hiyo. Pima kwanza iliyopo, kwasababu grauti mpya ikikaa bega kwa bega na ya zamani yenye chumvi, mpakani hapo strendi inageuka betri na kutu inakimbia kuliko mwanzo. Kama ya zamani ni safi na nyaya ni safi, jaza kwa vakuumu. Kama sio, mwite mbunifu muongelee kebo za nyongeza. Vyovyote itakavyokuwa, lile tundu ulilotoboa lizibwe kwa epoksi kabla hujashuka kwenye jukwaa, maana umefungua mlango ambao jana haukuwepo na usiku upepo wa bahari unavuma.